Kikundi cha msaada wa kiroho kwa viongozi transjenda wasio Wazungu hapa Marekani: tuanzie wapi?

Zawadi_Kusini (mwanzilishi wa mada)

Wapendwa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwanamke transjenda (nilipozaliwa niliandikwa mvulana), Mweusi, mhamiaji kutoka Afrika Mashariki, na kwa miaka tisa sasa ninaongoza shirika dogo linalowahudumia wanawake transjenda Weusi na Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) katika mji mmoja wa Kusini mwa Marekani. Tunawatafutia makazi, tunawasindikiza mahakamani wanapobadili majina, tunawapeleka kliniki, na wanapouawa, mara nyingi sisi ndio tunaowazika. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuomba kwayo, na kwa sababu katika lugha hii neno "yeye" halimuulizi mtu jinsia yake, kwa hiyo ninapoomba kwa Kiswahili huwa sina haja ya kujitetea mbele ya Mungu wala mbele ya mtu.

Tarehe 20 Novemba iliyopita tulifanya kumbukumbu ya marehemu wetu, kama inavyofanyika kila mwaka tangu 1999, ilipoanzishwa kwa ajili ya Rita Hester, mwanamke Mweusi aliyeuawa nyumbani kwake Boston mwishoni mwa Novemba 1998. Wajuao wanajua kwamba orodha inayosomwa siku hiyo hapa Marekani imejaa majina ya wanawake Weusi kama sisi. Nilikuwa nikiisoma mimi. Nilipofika kwenye jina la binti mmoja niliyempokea kituo cha mabasi akiwa na mfuko mmoja wa nguo, sauti ilikatika, nikaikunja ile karatasi, na hakuna aliyekuja kuipokea, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa ukinisubiri mimi niendelee. Niliikunjua nikaendelea. Baada ya hapo niliwafariji watu mlangoni, nikapanga viti, kisha nikakaa garini mwangu hadi vioo vikajaa ukungu wa pumzi yangu. Kila mtu pale ananiita Mama, na sikumwona hata mmoja ambaye ningeweza kumpigia simu usiku ule.

Wazee walisema mganga hajigangi. Nimezungumza na wenzangu sita wanaoongoza mashirika kama langu katika miji ya jirani, na wote sita walilelewa katika imani, wote sita waliondoka au waliondolewa. Utafiti mkubwa wa kitaifa wa mwaka 2015, ulioshirikisha watu transjenda 27,715, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliowahi kuwa katika jumuiya ya dini, asilimia 19 waliondoka kwa sababu ya kukataliwa, na kati ya hao walioondoka, asilimia 42 walipata baadaye jumuiya nyingine iliyowapokea. Wenzangu hao sita wamo katika wale ambao hawajaipata.

Tunataka kuanzisha kikundi chetu, cha viongozi peke yao, cha kushikana mikono katika mambo ya roho. Wengine ni Wakristo, mmoja ni Mwislamu, mmoja hana dini lakini anasema anakosa kuimba. Nani akiongoze? Tuombeje pamoja bila kuumizana? Na siri zetu zitalindwa vipi?

---

Kasisi_wa_Zamu

Dada Zawadi, pole sana, na pole kwa yule binti pia. Mimi si transjenda. Ni mwanamke Mweusi, kasisi wa hospitali, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikialikwa kukaa na kikundi cha aina unayoieleza, kwa hiyo nitasema yale niliyoyaona, ukiwemo upungufu wangu mwenyewe.

Kwanza tenganisheni mambo matatu ambayo watu huyachanganya: ibada, tiba ya akili, na kikao cha kusindikizana kiroho. Katika ibada kuna anayeongoza na wanaofuata. Katika tiba kuna mtaalamu na mgonjwa, na anayeihitaji anapaswa kuipata kwake, tena bila aibu. Kikao cha kusindikizana hakina mhubiri wala mgonjwa; kina watu wanaosema ukweli wa roho zao mbele ya wengine ambao kazi yao ni kusikia. Viongozi ndio wanaoshindwa zaidi na jambo hili, kwa sababu mkono wao umezoea kutoa suluhisho, na mwenzao akianza kulia tayari wameshamtafutia namba ya simu ya ofisi fulani.

Kwa sababu hiyo nakusihi asiongoze hata mmoja wenu. Mtafuteni mtu wa nje ya mashirika yenu, aliyefunzwa kusikiliza, ikiwezekana awe transjenda na Mweusi au Mlatino, na mlipeni. Mkisema mtaongoza kwa zamu, yule mwenye zamu atafika na saa mkononi na karatasi ya ratiba, na siku hiyo atakuwa kazini kama siku nyingine zote. Watu sita hadi wanane wanatosha. Baada ya kikao cha pili mlango ufungwe, asiingizwe mgeni mpaka msimu mliokubaliana uishe, kwa sababu kila anapoingia mtu mpya kikundi hurudi kwenye kujitambulisha, na viongozi wana ustadi mkubwa mno wa kujitambulisha.

Kuhusu siri, semeni ukweli wote tangu siku ya kwanza. Sheria za majimbo hulinda maungamo ya faragha kati ya muumini na kiongozi wake wa dini, lakini ulinzi huo hauwi mpana kwa kiwango kimoja kila mahali, na mazungumzo ya kikundi si lazima yalindwe vivyo hivyo. Wanakikundi wenyewe hufungwa na ahadi waliyopeana. Majimbo mengi pia humlazimisha kiongozi wa dini kutoa taarifa akisikia kwamba mtoto anadhulumiwa. Haya yasemwe kabla mtu hajafungua kinywa.

Na lipo jambo ambalo nililijifunza kwa kumuumiza mtu. Mwaka wangu wa kwanza, mwanamke mmoja alisema kikaoni kwamba amechoka kuishi. Mimi, kwa mazoea ya hospitali, nilitoka nje nikapiga simu ya dharura, na waliofika ni polisi. Alikuwa mwanamke transjenda Mweusi ambaye polisi walikuwa wamekwisha kumlaza chini barabarani mara mbili maishani mwake. Alinitazama wakati wanaingia, na hakurudi tena. Tangu hapo kila kikundi ninachokaa nacho huandika mapema, mtu kwa mtu: nikifika hapo mpigieni nani, msimpigie nani, nikae kwa nani usiku huo. Namba ya 988, ya msaada kwa anayefikiria kujiua, inafanya kazi nchi nzima tangu Julai 2022, na ipo Trans Lifeline, iliyoanza mwaka 2014, ambayo wanaopokea simu ni transjenda wenyewe na hawamtumii mtu polisi bila ridhaa yake. Kila mmoja achague kabla ya siku mbaya.

Kuhusu maombi, ushauri wangu ni kutumia maneno mapana ambayo hayamkeri mtu yeyote, kisha ukimya.

---

Msafiri_wa_Alfajiri

Assalamu alaikum, Dada Zawadi, na shikamoo Mchungaji. Mimi ni mwanamume transjenda, Mwislamu, na ninaendesha kituo cha vijana. Nimo katika kikundi kama hicho kwa mwaka wa tatu sasa, tukiwa watu saba: Wakristo wawili waliotoka katika makanisa ya Weusi, Mkatoliki mmoja Mlatino mwenye madhabahu ya marehemu wake sebuleni, Mbudha mmoja, mwenzetu mmoja wa mataifa ya Wenyeji Asilia anayejitambulisha kama mtu wa Roho Mbili (yaani mwenye roho ya kiume na ya kike pamoja), dada mmoja asiye na dini, na mimi.

Nakubaliana na Mchungaji kwa karibu yote, isipokuwa hilo la mwisho. Sisi tulianza na maneno mapana. Tulimwita Mungu "Chanzo", tukawasha mshumaa, tukanyamaza, na kila mtu akarudi kwake mkavu kama alivyokuja. Mtu aliyefukuzwa katika dini yake hakufukuzwa kutoka kwa "Chanzo". Alifukuzwa kutoka kwenye wimbo fulani, kwenye kiti fulani, kwenye safu fulani ya swala, na kile alichonyang'anywa ndicho anachokililia. Kwa hiyo mwezi wa tano tulibadilisha. Sasa kila kikao kina mtu mmoja anayeomba kwa ukamilifu wa dini yake, bila kupunguza jina hata moja, na wengine tunamsindikiza kwa kunyamaza. Hakuna anayelazimika kuitikia Amina. Mara ya kwanza nilipotandika mswala wangu mbele yao nilikuwa natetemeka magoti, maana sikuwa nimeswali mbele ya binadamu mwingine tangu niliporudishwa mlangoni na watu walionifahamu tangu utoto wangu.

Tahadhari moja tu tuliiongeza. Dada mmoja aliimba wimbo wa kanisani, na mwenzake akaanguka kilio kisichotulizika, kwa sababu wimbo huohuo ndio uliokuwa ukiimbwa usiku alipotolewa mbele ya kusanyiko. Sasa anayeleta wimbo au aya hutaja mapema, na anayetaka kutoka nje hutoka bila kuulizwa.

Kitu kingine kilichotusaidia ni kapu. Lipo mlangoni, la ukindu, na kila anayeingia huweka ndani yake simu na funguo za ofisi. Dada mmoja kati yetu ana funguo kumi na nne kwenye pete moja: za ofisi, za stoo ya nguo, za nyumba mbili za kufikia wageni, za gari la shirika. Siku ya kwanza alizishikilia mkononi hadi nusu ya kikao, na alipoziweka kapuni zilitoa kishindo ambacho sote tulikisikia. Tunapokutana kwa video, kila mtu huonyesha funguo zake kwenye kamera kisha huzitia katika droo. Humo ndani hatuitani Mama wala Baba wala Mkurugenzi. Tunaitana kwa majina, na ninaamini hili ndilo linalofanya kikundi kiwe cha kiroho zaidi kuliko dua yoyote. Dada Zawadi, wewe unahitaji mahali ambapo utaitwa Zawadi.

Tena msidhani mnaanza patupu. Mchungaji Troy Perry alianzisha Metropolitan Community Church, kanisa la kuwapokea mashoga, wasagaji na transjenda, huko California mwaka 1968, na Sylvia Rivera, yule aliyeanzisha pamoja na Marsha P. Johnson nyumba ya kuwahifadhi vijana wa mitaani New York mwanzoni mwa miaka ya 1970, alihudumu katika ugawaji wa chakula wa kanisa hilo mjini humo katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki mwaka 2002. Weusi walijijengea makanisa yao pia: Carl Bean na Unity Fellowship huko Los Angeles mwaka 1982, na Yvette Flunder na City of Refuge huko San Francisco mwaka 1991, ambako ilizaliwa kwaya ya injili ya waimbaji transjenda. Kwetu Waislamu, Chicago kulianzishwa katika muongo uliopita Masjid al-Rabia, uliotangaza waziwazi kuwapokea waumini transjenda; niliposoma habari zake niliirudia aya moja mara tatu kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Miss Major Griffin-Gracy, aliyefariki Oktoba 2025. Baada ya miaka mingi ya kuwatumikia wanawake transjenda waliofungwa magerezani, alihamia Little Rock, Arkansas, akafanya makazi yake kuwa nyumba ya mapumziko kwa viongozi transjenda, hasa Weusi wa Kusini, waje walale, wale, wapumue, warudi. Hakuwapa semina kwanza. Aliona kwamba waliochoka wanahitaji kitanda.

---

Mdau_Mgeni

Samahani kama swali langu litawakwaza, nauliza kwa nia ya kujifunza. Kwa nini viongozi wajitenge na wanachama wao, na kwa nini transjenda Wazungu wasikaribishwe? Je, hatujengi tabaka ndani ya watu wachache ambao tayari wametengwa?

---

Msafiri_wa_Alfajiri

Swali ni halali, Ndugu Mdau. Binti niliyempatia chumba juzi hawezi kunisikia nikisema kwamba ninafikiria kuacha kazi hii; atalala akiwaza atakwenda wapi mimi nikiondoka, na nitakuwa nimemtwika mzigo wangu. Kuhusu Wazungu, nimekaa katika vikundi vya mchanganyiko, na watu walikuwa wema. Hata hivyo, kila niliposema nimezika, ilinibidi nieleze kwanza kwa nini tunazika sana, na muda wa kulia ukaisha katika kueleza. Vipo vikundi vingine vizuri ambavyo sote tunakaa pamoja. Hiki kina kazi yake.

---

Zawadi_Kusini

Nimesoma majibu haya mara mbili, mara ya pili kwa sauti, kwa simu, nikiwatafsiria wenzangu. Wanne wamekubali tuanze, mmoja anafikiri, na mmoja amesema hajui kama ataweza kuacha simu kapuni kwa saa moja na nusu, jambo ambalo nadhani ni jibu la kweli kuliko yote.

Yamebaki mawili. Mfadhili mmoja yuko tayari kulipia mwendeshaji na nauli, lakini fomu yake inataka majina ya waliohudhuria na "matokeo yanayopimika". Nikiandika majina, nitakuwa nimevunja ahadi kabla ya kuitoa. La pili ni zito zaidi. Mmoja wetu alimzika rafiki yake mwaka jana, na familia ilimvika suti, ikampunguza nywele, na kwenye kijitabu cha ibada ikachapa jina alilokuwa ameliacha miaka ishirini iliyopita. Alisimama nyuma ya kanisa akiwa na picha halisi ya rafiki yake kwenye bahasha, na hakuruhusiwa kuiweka popote. Sasa anaogopa kifo chake mwenyewe kuliko alivyoogopa zamani. Je, jambo hili linaingia katika kikundi cha kiroho, au ni la mwanasheria?

---

Kasisi_wa_Zamu

Dada Zawadi, kabla ya yote, Msafiri amenirekebisha kuhusu maombi na nimepokea. Sikuwa nimeona kwamba maneno yangu mapana yalinilinda zaidi mimi, mwendeshaji, kuliko wao.

Mfadhili mwambieni kwamba mtampa idadi ya vikao, idadi ya watu na stakabadhi za malipo, na si zaidi ya hapo. Akikataa, fedha hizo haziwafai. Vyumba si taabu kubwa kama mtajua kubisha: United Church of Christ liliamua mwaka 2003 kuwapokea transjenda kikamilifu katika maisha ya kanisa, na Kanisa la Episcopal (la Kianglikana hapa Marekani) lilifungua njia ya upadrisho kwao mwaka 2012. Maamuzi ya mkutano mkuu hayafiki kwenye kila benchi, hivyo nendeni mkae kwenye ibada moja kimyakimya kabla ya kuomba ufunguo wa chumba, mtazame wanavyowapokea mlangoni.

Hilo la mazishi ni la mwanasheria na la roho kwa pamoja, na sijui jambo la kiroho kubwa kuliko hilo kwa watu mnaozika wengine. Pasipo maandishi, sheria huwapa ndugu wa damu au mwenzi wa ndoa mamlaka juu ya mwili. Majimbo mengi, hata hivyo, humruhusu mtu mzima kumteua kwa maandishi msimamizi wa mazishi yake, ambaye neno lake hutangulia la familia. Taratibu hutofautiana, pengine mashahidi wawili, pengine notari (mthibitishaji rasmi wa saini), kwa hiyo ulizieni za jimbo lenu. California ilitunga sheria mwaka 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, inayotaka cheti cha kifo kifuate jinsia ambayo marehemu aliishi nayo. Si majimbo yote yaliyo na sheria ya namna hiyo, ndiyo maana maandishi yenu wenyewe yana uzito.

Kikundi ninachokaa nacho kilitenga vikao viwili kwa ajili ya karatasi hizo. Kila mtu aliandika jina atakalotajwa kwalo, nguo, picha, dua, na nani asipewe kipaza sauti. Ilichukua muda mrefu kuliko tulivyopanga, maana kila mtu alitaka kusoma yake kwa sauti, na wengine walitaka kuisikia tena. Mmoja wao, anayeongoza shirika kubwa kidogo kuliko lako, aliandika kurasa mbili. Aliitaja wigi ya rangi ya shaba, akataja zaburi, akataja gauni na duka la fundi aliyelishona. Katika ukurasa wa pili aliandika kwamba watumishi wa shirika lake wasipewe kazi yoyote siku hiyo, wasipange viti, wasipokee wageni, wasisome orodha, bali watengewe mstari wa mbele, na leso ziwekwe juu ya kila kiti kabla hawajaingia.